Jinsi ya Kuwa Bingwa Mwaka 1904

Kila timu inapofungwa kwa penalti ya utata, kijiweni hakosekani mzee wa kuweka kikombe cha kahawa chini na kutoa hukumu: michezo imeharibika. Zamani, anasema, watu walicheza kwa mapenzi. Waamuzi walikuwa waadilifu, wachezaji walikuwa waungwana, na neno figisu lilikuwa bado halijazaliwa. Ukimwuliza zamani ipi hasa, atapunga mkono hewani kama anayefukuza nzi, kisha aendelee na kashata yake.

Mwongozo huu ni zawadi kwake. Tumemchagulia mwaka mmoja wa hiyo zamani, 1904, na kumpangia hatua saba za kuutwaa ubingwa. Zote zilijaribiwa na watu wa kweli, na baadhi yao walivishwa mataji. Kipaji si lazima. Mazoezi yanaruhusiwa, ila yasizidi.

Hatua ya 1: Yalete mashindano nyumbani

Bingwa mwenye akili hayafuati mashindano. Huyaita, nayo yakaja. Michezo ya Olimpiki ya 1904 ilikuwa imeshapewa mji wa Chicago, lakini mji wa St. Louis ulikuwa na Maonyesho ya Dunia mwaka huohuo, kuadhimisha miaka mia tangu Marekani iinunue Louisiana kutoka kwa Wafaransa. Ununuzi wenyewe ulifanyika 1803, kwa hiyo miaka mia ilikuwa imeshapita kwa mwaka mmoja, lakini mwenye shughuli ndiye anayepanga siku ya shughuli. Wenye maonyesho wakatishia kuandaa michezo yao wenyewe ili kuifunika ile ya Chicago. Baron Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki ya kisasa, akasalimu amri. Olimpiki ikahamia St. Louis, naye mwasisi akabaki Ulaya.

Faida ya kuchezea kwenu utaiona kwenye orodha ya washiriki. Mtu wa Ulaya alipaswa kuvuka Atlantiki kwa meli, kisha apande treni mpaka katikati ya bara. Wengi walipiga hesabu ya nauli wakatulia kwao. Kati ya wanamichezo wapatao 650, zaidi ya 500 walikuwa Wamarekani. Kwenye ndondi kila bondia alikuwa Mmarekani, kwa hiyo hata aliyelambishwa sakafu alilambishwa na mzalendo mwenzake. Ratiba nayo ilitandazwa kama mkeka wa harusi, kuanzia Julai mosi hadi tarehe 23 Novemba, ikachanganywa na mambo mengine ya maonyesho kiasi kwamba wanahistoria mpaka leo wanabishana ni mashindano yapi yahesabiwe kuwa Olimpiki na yapi yalikuwa burudani tu.

Ikitokea mgeni akaja na akashinda, usihangaike. Kwenye kuogelea yadi 50, Zoltán Halmay wa Hungaria na Mmarekani J. Scott Leary walifika karibu pamoja. Mwamuzi mmoja akasema ni Halmay, mwingine akasema ni Leary, na mjadala ukahama kutoka midomoni kwenda mikononi. Ngumi zilipotulia, ikaamuliwa wawili hao waogelee upya. Halmay akashinda tena, jambo linaloonyesha kwamba hata mpango mzuri huweza kuharibiwa na mtu anayejua kuogelea.

Mwaka huo ndipo washindi wa Olimpiki walipoanza kupewa medali za dhahabu, fedha na shaba. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. St. Louis mcheza kwao alijitunza mwenyewe, na medali nyingi hazikuhitaji hata kupakiwa sandukuni.

Hatua ya 2: Chagua mchezo usiotoa jasho

Kosa la vijana wengi ni kudhani kwamba bingwa lazima ahangaike. Mtazame William Dickey. Mchezo wake uliitwa kupiga mbizi kwa umbali, na kanuni zake zingempendeza yeyote aliyewahi kuamshwa alfajiri kwenda shamba. Unajirusha majini, halafu unatulia kama gogo. Huruhusiwi kupiga mkono wala mguu. Unaelea na kwenda kwa nguvu ileile ya kujirusha hadi usimame au sekunde 60 ziishe, kisha watu wenye kamba wanakuja kupima. Dickey alikwenda mita 19.05 akapata dhahabu. Washindani walikuwa watano, wote Wamarekani. Olimpiki haikuurudia tena mchezo huo, labda kwa kuwa watazamaji walishindwa kujua washangilie wakati gani.

Kama maji huyapendi, kuna tenisi ya Wimbledon. Siku hizo bingwa mtetezi hakuanza raundi ya kwanza kama watoto wa watu. Alikaa pembeni akiwatazama wengine wakimalizana juani, akamsubiri atakayebaki, akacheza naye mechi moja ya kugombea taji. Laurence Doherty aliingia hivyo mwaka 1904, akamfunga Frank Riseley na kubaki na ufalme wake. Utaratibu huo ulidumu hadi 1921, maana ni nani mwenye kiti cha enzi atakayependekeza kiondolewe?

Tahadhari: usimwige George Eyser. Huyu ni mfano mbaya kabisa kwa msomaji wa mwongozo huu. Alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa wa mbao. Tarehe 29 Oktoba alijitokeza kwenye jimnastiki, na kwa siku hiyo moja akachukua medali sita, tatu zikiwa za dhahabu. Kupanda kamba tunaweza kumwelewa, kwa sababu kamba hupandwa kwa mikono. Fito sambamba vilevile. Lakini dhahabu nyingine, aliyogawana na mwenzake Anton Heida, ilitokana na kuruka farasi wa mbao. Hebu simama kidogo uione: mtu anakuja mbio, mguu mmoja unagonga sakafu kama mchi kwenye kinu, anajirusha, anapita juu, anatua. Ubao juu ya ubao. Hakupanda gari, hakuhamisha mashindano, hakumhonga mtu. Ukimfuata yeye, hatua tano zilizobaki hazina kazi.

Hatua ya 3: Subiri giza liingie

Ukipenda baiskeli, nenda Ufaransa. Gazeti la L'Auto, lililochapishwa kwenye karatasi za manjano chini ya mhariri Henri Desgrange, lilikuwa limeanzisha mbio za kuizunguka nchi mwaka 1903, na magazeti yakanunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Mwaka 1904 mbio zikarudiwa kwa njia ileile na mikondo ileile sita: Paris, Lyon, Marseille, Toulouse, Bordeaux, Nantes, kisha Paris tena. Mkondo wa kwanza peke yake ulikuwa wa kilomita 467. Umbali wa namna hiyo haumalizwi mchana, kwa hiyo waendeshaji walikanyaga pedali usiku kucha, kwenye barabara za vumbi zisizo na taa.

Hapo ndipo pa kuzingatia. Giza ni rafiki wa mshindani. Gizani gari linaweza kukuvuta, treni inaweza kukubeba, na waamuzi wachache waliotawanywa kwenye maelfu ya kilomita hawawezi kuona kila kitu. Inasimuliwa kwamba Hippolyte Aucouturier alivutwa na gari kwa waya uliofungwa kwenye kizibo, naye kakiuma kizibo kwa meno. Kama ni kweli, basi alistahili angalau medali ya meno.

Usisahau mashabiki. Katika mkondo wa pili, usiku, wapanda baiskeli walipokuwa wakipandisha mlima karibu na Saint-Étienne, walikuta kundi kubwa la watu limejipanga na marungu. Kijana wa nyumbani, Fauré, alikuwa mbele. Watu wakampisha apite, kisha wakawafungia njia waliomfuata na kuanza kuwashushia kipigo. Mwitaliano Giovanni Gerbi aliumizwa vidole, safari yake ikaishia hapo. Ilibidi wasimamizi wafyatue risasi hewani ndipo umati ukatawanyika. Siku chache baadaye, Nîmes, wenyeji walipandwa na hasira kwa sababu Payan, kijana wa kwao, ameondolewa mashindanoni. Wakaweka vizuizi barabarani na kurusha mawe. Kwingineko misumari ilimwagwa njiani. Sisi tunaosema shabiki ni mchezaji wa kumi na mbili tunafanya mzaha tu. Hawa walikuwa wanacheza kweli.

Maurice Garin, bingwa wa 1903, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi, akafika Paris wa kwanza tena. Wa pili Lucien Pothier, wa tatu César Garin ambaye ni mdogo wake bingwa, wa nne Aucouturier. Zikapigwa picha, zikanywewa shampeni. Kisha chama cha baiskeli cha Ufaransa kikakaa miezi kadhaa kikisikiliza mashahidi, na mwezi Desemba kikatoa uamuzi: wote wanne nje, na washindi wa mikondo yote nje pamoja nao.

Ushindi wa mezani ukamwangukia aliyekuwa wa tano, Henri Cornet, kijana wa miaka 19 ambaye jumla ya muda wake ilizidi ya Garin kwa saa tatu hivi. Mpaka leo hajatokea bingwa mdogo kuliko yeye katika mbio hizo. Desgrange aliandika kwa uchungu kwamba mbio zake zimekufa, tena zimeuawa na mafanikio yake zenyewe, halafu mwaka uliofuata akaziandaa tena. Garin alifungiwa miaka miwili, na baadaye akafungua kituo cha kuuza petroli mjini Lens. Tusimseme vibaya. Magari yalikuwa yamemsaidia, naye akayasaidia.

Hatua ya 4: Omba lifti mapema

Sasa tunafika kwenye kitovu cha somo letu, marathoni ya St. Louis, tarehe 30 Agosti. Wakimbiaji 32 walijipanga mchana, jua likiwa linachoma kwa nyuzi 32 hivi, kukimbia kilomita zipatazo 40 juu ya vilima na barabara za udongo. Mbele yao na nyuma yao yalikwenda magari na farasi, wakitifua vumbi ambalo mkimbiaji alilivuta kila anapohema. Maji yalipatikana sehemu moja mbili tu. James Sullivan, mkubwa wa michezo hiyo, alikuwa na hamu ya kujua mwili wa binadamu unafanyaje ukikimbizwa bila kunyweshwa, na akaona hii ni nafasi nzuri ya kuchunguza, maadamu binadamu mwenyewe si yeye. William Garcia wa California alikutwa amelala kando ya barabara akitapika damu, vumbi limemchana ndani. Mwisho wa siku waliofika walikuwa 14.

Fred Lorz, mwashi kutoka New York, alilielewa jambo hili mapema kuliko wenzake. Baada ya kilomita 14 hivi misuli ilimkaza. Hakulalamika. Alipanda gari, akakaa, akawa anawapungia mkono wakimbiaji na watazamaji kama mbunge aliyeshinda uchaguzi. Gari lilimbeba kilomita kama 18, kisha likaharibika. Magari ya siku hizo hayakuwa na adabu. Lorz akashuka, amepumzika, miguu mepesi, akakimbia sehemu iliyobaki na kuingia uwanjani wa kwanza. Watu wakalipuka kwa shangwe. Inasimuliwa kwamba Alice Roosevelt, binti wa rais, alikuwa tayari kumvisha taji ndipo mtu mmoja akapaza sauti kueleza alichokiona njiani. Lorz akacheka na kusema ulikuwa utani tu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini hawakutaja ni fupi kwa kiasi gani. Sisi tumeipima: ni fupi kwa kilomita 18.

Alifungiwa maisha. Maisha hayo yakaisha upesi, kwa maana alisamehewa, na mwaka 1905 akashinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe. Uwezo alikuwa nao. Alichokosa St. Louis ni gari zuri.

Gari likikosekana, ipo njia ya kikombe. Thomas Hicks, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi ya shaba Massachusetts, alizungukwa na watu wake waliokuwa na tiba kamili. Alipoomba maji walimnyima, wakamlowesha mdomo. Alipoanza kuyumba wakampa ute wa yai uliochanganywa na strikinini, dawa ambayo watu wengine huitumia kuulia panya. Alipozidi kuyumba wakamwongezea, safari hii na brandi. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa kuwa kanuni ya kukataza dawa za kuongeza nguvu ilikuwa bado haipo. Katika kilomita za mwisho Hicks alikuwa akiona mambo yasiyokuwepo, rangi ya uso imemtoka, macho yamekufa. Alivuka mstari huku wasaidizi wakimshikilia pande zote mbili, miguu yake ikiendelea kwenda hewani kama ya mtoto anayebebwa na huku anataka kushuka. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 28 na sekunde 53. Hajatokea bingwa wa marathoni ya Olimpiki aliyetumia muda mrefu kuliko huo. Madaktari walimshughulikia kwanza, pongezi zikafuata baadaye. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Hicks nusura ziishie kaburini.

Ukitaka kujua namna ya kushindwa kwa heshima, muulize Félix Carvajal, tarishi wa posta kutoka Cuba. Alichangisha nauli kwao, akafika New Orleans, akazipoteza pesa zote kwenye kamari ya dadu, akafika St. Louis kwa miguu na kwa lifti za wasamaria. Lifti hizo zilikuwa halali kwa sababu mbio zilikuwa hazijaanza, na hapo ndipo Lorz alipokosea mahesabu. Carvajal alisimama kwenye mstari na suruali ndefu na viatu vya kutembelea. Mwanamichezo mmoja akamhurumia, akatafuta mkasi, akamkatia suruali magotini. Njiani alisimama kupiga soga na watazamaji. Njaa ilipombana aliingia kwenye shamba la matofaa, akala yaliyokwisha kuharibika, tumbo likamkata, akajilaza kidogo. Akaamka, akakimbia, akawa wa nne. Ni mahali pabaya sana pa kumalizia, hatua moja nje ya medali, lakini hakuna mwingine katika orodha hiyo aliyefika hapo akiwa ameshalala.

Walikuwepo pia Waafrika wawili weusi, Watswana kutoka Afrika Kusini. Mmoja alimaliza wa tisa, mwingine wa kumi na mbili. Wa tisa angeweza kufika mbele zaidi, ila mbwa alimfukuza akatoka nje ya njia kiasi cha maili moja. Hatujawaweka kwenye hatua hii kwa sababu hawakupanda gari wala kunywa sumu ya panya. Tutarudi kwao.

Hatua ya 5: Mpinzani akiwa hodari, ingia mitini

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ina mlango wa nyuma: usishindane kabisa, na hakuna atakayekudai ukubali kitu. Mwaka 1903 mabingwa wa ligi mbili kubwa za besiboli za Marekani walikutana kwa mara ya kwanza katika fainali, na timu ya Boston kutoka ligi changa ikaichapa Pittsburgh ya ligi kongwe. Mwaka 1904 Boston wakawa mabingwa wa ligi yao tena. Upande wa pili walikuwepo New York Giants, chini ya mmiliki John Brush na kocha John McGraw. Wawili hawa wakatafakari, wakatangaza kwamba ligi changa haina hadhi ya kucheza nao, wakafunga mlango. Fainali haikuchezwa. Giants wakabaki hawajafungwa, jambo lililo kweli kwa asilimia mia, kama ilivyo kweli kwamba mimi sijawahi kupigwa na bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Aibu lakini ina miguu. Waandishi na mashabiki waliwachachamalia mpaka Brush mwenyewe akaandika kanuni za fainali ya kila mwaka, na mwaka 1905 Giants wakacheza na kushinda. Mtu aliyeingia mitini ndiye aliyetoka na kitabu cha sheria mkononi.

Kwenye ndondi mbinu hiyohiyo ilikuwa chafu zaidi. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu alikuwa James Jeffries. Mpinzani wake mkali zaidi alikuwa Jack Johnson wa Texas, ambaye tangu 1903 alishikilia ubingwa wa mabondia weusi, taji lililotengenezwa ili mtu kama yeye awe na la kwake na aache kuulizia lile lingine. Jeffries alisema hapigani na mtu mweusi. Mwaka 1905 akastaafu bila kupoteza pambano, rekodi safi kama sahani ambayo haijapakuliwa chakula. Johnson akasubiri hadi Desemba 1908 ndipo alipomtwanga Tommy Burns mjini Sydney. Mwaka 1910 wakamtoa Jeffries shambani kwake aje kuliokoa taji. Alikwenda Reno, akadumu raundi 15. Tunaomba msomaji asikose kuona kosa lake: alikuwa mitini, mahali pazuri, akatoka.

Hatua ya 6: Unda shirikisho

Ukichoka kugombania kikombe, miliki meza ambayo kikombe kinawekwa. Tarehe 21 Mei 1904, jijini Paris, mtaa wa Saint-Honoré, wawakilishi wa nchi saba walikutana wakaunda shirikisho la kimataifa la soka, FIFA: Ufaransa, Ubelgiji, Denmark, Uholanzi, Hispania, Sweden na Uswisi. Rais wa kwanza akawa Mfaransa Robert Guérin.

Usitishike na maneno shirikisho na kimataifa. Hispania haikuwa na shirikisho la taifa, kwa hiyo iliwakilishwa na klabu ya Madrid. Sweden nayo haikuwa nalo, waliliunda Desemba mwaka huo. Waingereza, waliokuwa na chama chao tangu 1863, walibaki nyumbani mwaka huo kama mwenye duka la jumla anayewatazama wachuuzi wakipanga meza barabarani. Mwaka uliofuata wakaja kujiunga. Funzo ni kwamba mihuri huja kwanza, mpira hufuata. Ukitaka ushahidi, utazame mpira wa miguu wa Olimpiki ya St. Louis: zilikuja timu tatu, moja kutoka Galt ya Kanada, ya pili ya chuo na ya tatu ya parokia, zote mbili za hapohapo mjini. Galt wakashinda 7–0 na 4–0, wakarudi kwao na dhahabu. Kuna timu za ndondo zilizopitia njia ngumu kuliko hiyo kushindania mbuzi.

Hatua ya 7: Andika ripoti mwenyewe

Hatua hii inazishinda zote, na ukiijua unaweza kuziacha sita za mwanzo. Maonyesho ya St. Louis yalikuwa na binadamu. Watu waliletwa kutoka Ufilipino, Patagonia, Japani, mataifa ya wenyeji wa Amerika na Afrika, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili waliolipa kiingilio wawatazame wanavyopika na kulala. Miongoni mwao alikuwepo Ota Benga kutoka misitu ya Kongo. Tarehe 12 na 13 Agosti, Sullivan na mtaalamu wa elimu ya binadamu, W. J. McGee, waliwatoa watu kama hao katika vijiji vyao wakawaingiza uwanjani kushindana mbio, kuruka, kurusha vitu vizito, hata kupanda mlingoti na kurushiana matope. Hawakufundishwa. Wengi hawakuelezwa kanuni kwa lugha wanayoielewa. Kisha muda wao ukalinganishwa na wa Wamarekani waliofanya mazoezi miaka nenda rudi, na Sullivan akahitimisha katika ripoti yake kwamba sifa za wepesi na nguvu za watu hao ni hadithi tupu.

Kuna jambo moja ambalo ripoti ililihesabu kama kutojua michezo. Kwenye mbio fupi, baadhi ya wakimbiaji walipoukaribia utepe hawakuukata kwa kifua. Wengine waliinama wakapita chini yake, na wengine walisimama wakawasubiri wenzao wafike. Mtu ametolewa kwao, amevushwa bahari, amewekwa kwenye uzio, ameambiwa akimbie, na bado anamsubiri mwenzake. Saa ya mwamuzi haina mshale wa kupima kitu kama hicho, kwa hiyo kikaandikwa kuwa ni upungufu. Coubertin, huko Ulaya, hakuyapenda mashindano hayo. Alibashiri kwamba yatakosa mvuto siku watu hao watakapojifunza kukimbia, kuruka na kurusha, wakawaacha wazungu nyuma. Kuhusu kukimbia, tunaona hatuna haja ya kuongeza neno.

Sasa turudi kwa wale Watswana wawili wa marathoni. Nao walikuwa St. Louis kwa ajili ya maonyesho, katika igizo la Vita vya Makaburu, ambamo mapigano yalirudiwa mbele ya watazamaji siku baada ya siku. Wakapata ruhusa, wakaenda kwenye mstari, wakakimbia kwenye vumbi lilelile lililomwangusha Garcia, bila gari, bila brandi. Wakawa Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Watu 18 hawakumaliza mbio zile, wao walimaliza.

Na aliyeshika kalamu? Orodha iliwaandika Lentauw na Yamasani. Wengine wakawaita Wazulu. Kwa miaka mingi kila aliyenakili matokeo alinakili makosa yaleyale, huku jina la Fred Lorz, aliyepanda gari, likiandikwa bila kukosewa hata herufi moja.

Kwa hiyo, mzee wetu wa kijiweni, ukifanikiwa kuirudia hiyo zamani yako, lifti, brandi na baruti vyote vina nafasi yake. Lakini kabla hujaanza kupasha misuli, pita kwenye meza ya karani. Mwangalie anavyoandika. Mwombe akusomee alichoandika, na akikosea mwambie afute aanze upya, hata kama wenzako wameshajipanga na bastola imeshainuliwa. Mmoja aliitwa Len Taunyane. Mwingine aliitwa Jan Mashiani.